Kadi ya siku 30 na mstari mwekundu wa Bibi

Ndugu msomaji, najua nimepotea hapa kijiweni kwa wiki kadhaa. Wapo mlionitumia ujumbe mkiuliza kama nimehama mji au nimeacha kazi ya gazeti. Sijaacha. Nilikuwa likizo nyumbani Lushoto, kwenye baridi yetu ile inayomfanya mtu wa Dar avae masweta mawili na bado alalamike. Nilipanda na mimba ya kiburi, nikashuka nayo imetoka. Leo nataka niwasimulie, halafu niwaombe mnivumilie nikienda mbali kidogo, hadi mwaka 1907, kwa sababu hadithi yangu na hadithi ya mwaka huo ni ndugu.

Mama yangu ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi mnavijua vikundi hivi, huku kwetu watu huviita Vikoba tu. Wanachama wanakutana kila Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, wananunua hisa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mwenyekiti.

Nilipofika nikamkuta mama na madaftari yake ya mistari, kalamu mbili na miwani imefungwa uzi. Mimi msomi wa chuo kikuu nikaona huruma. Nikamwambia, "Mama, hii kazi nitakufanyia kwenye kompyuta. Utaweka alama tu, hesabu itajifanya yenyewe." Mama akacheka. Akasema, "Haya mwanangu, mali bila daftari huisha bila habari. Kama kompyuta yako ni daftari, lete."

Basi nikafungua lahajedwali. Kwa wasiolijua neno hili, ndilo jina la Kiswahili la ile programu ya majedwali, wengi wanaiita Excel hata kama ni ya kampuni nyingine. Si neno la jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na lahajedwali lake likiwemo. Lakini tuyaache hayo.

Nilichofanya ni hiki, na mwenye kikundi kama hiki anaweza kujifunza kitu. Majina ya wanachama yalikaa upande wa kushoto, mstari mmoja kwa kila mtu. Juu niliandika tarehe 12 za Jumamosi. Kwenye makutano ya jina na tarehe nikaweka kisanduku cha kutia tiki. Kisanduku hicho kwa macho yako ni mraba mdogo, lakini ndani ya programu ni jibu la swali moja: kweli au si kweli. Ukikibonyeza inaingia alama ya vema, na programu inahifadhi "kweli". Ukikiacha, inahifadhi "si kweli". Mwisho wa mstari nikaweka fomula ya COUNTIF ihesabu "kweli" ziko ngapi.

Halafu ikaja sehemu iliyonivimbisha kichwa. Kuna kitu kinaitwa uumbizaji kwa masharti. Maana yake unaipa programu sharti, na sharti likitimia, rangi ya seli inabadilika yenyewe. Nikaandika sharti langu: kama jumla ya tiki za mtu ni pungufu ya 10 kati ya 12, mstari wake wote uwe mwekundu. Ikiwa ni 10 au zaidi, uwe kijani. Katiba ya kikundi inasema mwanachama asiyenunua hisa mara kwa mara hakopeshwi, nami nikaona nimeitia katiba yote ndani ya mstari mmoja wa fomula.

Nikajaza kutoka kwenye daftari la mama. Nikapeleka steshenari ya mjini, karibu na soko, nikachapisha kwa rangi. Jumamosi asubuhi nikaibandika ukutani darasani, kabla wanachama hawajaingia. Mistari mingi ilikuwa kijani. Mmoja tu ulikuwa mwekundu.

Mstari huo ulikuwa wa bibi mmoja, jirani yetu. Simtaji jina. Ni mama mtu mzima, mjane, analima viazi na karoti kwenye mteremko upande wa juu wa nyumba yetu. Aliniogesha nikiwa mtoto. Hasomi vizuri, lakini rangi haihitaji kusoma. Aliangalia karatasi, akaangalia watu, akauliza, "Ule mwekundu ni wa nani?" Hakuna aliyemjibu haraka. Akaelewa.

Siku hiyo alikuwa amekuja kuomba mkopo wa mbegu na mbolea, kwa sababu masika yalikuwa yanakaribia. Mwenyekiti alitazama ukutani akasema kwa upole kwamba kwa leo haiwezekani, atimize kwanza. Fedha zikakopeshwa wengine, zikaisha. Bibi akakaa mpaka mwisho wa kikao, akachangia mfuko wa jamii kama kawaida, akaondoka bila kuniaga. Wiki iliyofuata hakuja. Tukasikia amechukua mbolea kwa mfanyabiashara mmoja, kwa makubaliano kwamba viazi vitakapokomaa atamwuzia yeye, kwa bei yake yeye, na kwa lumbesa. Mwenye kulima anajua maana ya neno hilo. Gunia linashonewa kilemba juu, unauza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimebeba kitabu cha historia, nilichokuwa nasoma kwa ajili ya makala ya gazeti kuhusu majengo ya zamani ya Lushoto. Na humo, ndugu msomaji, ndimo nilimokutana na kadi.

Turudi nyuma. Mji wetu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, jina la mfalme wao. Walipenda hali ya hewa, wakapenda ardhi. Reli ya kutoka Tanga walianza kuijenga mwaka 1893, na ilifika Mombo, chini ya milima yetu, mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, miche iliyotokea Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilibaki hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yale unayoyaona ukipita Korogwe. Walowezi wakashika ardhi tambarare na milimani. Ardhi wakawa nayo, mtaji wakawa nao, reli wakawa nayo. Wakakosa kitu kimoja tu: watu wa kufanya kazi.

Na kwa nini Wasambaa hawakutaka? Si uvivu, ingawa ndivyo walivyoandikwa. Walikuwa na mashamba yao. Mtu mwenye mgomba wake, mahindi yake na maharage yake kwenye mteremko wake, kwa nini ashuke akapalilie shamba la mwenzake kwa ujira mdogo, tena msimu uleule ambao shamba lake linamwita? Kodi ya kibanda ilikuwa imeletwa mwaka 1898, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumfanya mtu atafute fedha. Lakini hapa milimani watu wengi waliweza kuuza mazao, wakalipa kodi, wakabaki nyumbani.

Ndipo mwaka 1907 ofisi ya wilaya ya Wilhelmstal ikaleta dawa yake. Kila Mwafrika aliyehusika alipewa kadi ya kazi. Kwa kadi hiyo alitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza aliweza kuchukuliwa kwa nguvu akafanye kazi za serikali, kama vile barabara.

Piga hesabu mwenyewe. Miezi 4 mara tatu ni mwaka. Siku 30 mara tatu ni siku 90. Yaani robo ya mwaka wa mtu ilikuwa imeshakatwa kabla hajaamka. Na angalia mwaka wenyewe: 1907, wakati kule kusini vita ya Maji Maji ilikuwa ndiyo kwanza inazimwa. Serikali haikutaka moto mwingine kaskazini. Mjeledi ungeleta kelele. Kadi haina kelele. Kadi inauliza swali moja: zimetimia 30, au hazijatimia?

Niliposoma hapo nikaiweka chini ile karatasi ya kitabu. Nikawasha kompyuta. Nikaitazama fomula yangu. Pungufu ya 10, nyekundu. Nikabadilisha namba kichwani tu: pungufu ya 30, nyekundu. Ni fomula ileile, ndugu yangu. Afisa wa Wilhelmstal alikuwa na lahajedwali, ila hakuwa na umeme.

Usinielewe vibaya. Sisemi kikundi cha mama yangu ni ukoloni. Wanachama wameingia kwa hiari na fedha ni zao. Nasema chombo ni kilekile, na chombo hiki kina tabia zake, na mimi nilikuwa nimekitumia bila kuzijua.

Kadi haikuishia kwa Wajerumani. Waingereza walipoiteka sehemu hii mwaka 1916, hawakuvunja mashamba. Kwenye mkonge kadi ya kazi ikajulikana kwa jina ambalo wazee wetu wote wanalijua: kipande. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi. Sasa sikiliza vizuri, hizo si siku 30 za kalenda. Ni siku 30 zilizotiwa alama. Ukiumwa, haihesabiwi. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, haihesabiwi. Mtu angeweza kumaliza mwezi wa kalenda na kipande chake bado kina mapengo, na mshahara unasubiri kipande kijae. Walioletwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kutafuta wafanyakazi hao, kikaitwa SILABU. Namba, tarehe, alama. Mstari, safu, kisanduku.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na kipande kingine, kibaya zaidi. Sheria ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutekelezwa baada ya Vita ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi zake, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba huyu ameachiwa kazi. Asipotia, wewe ni mtoro, hata kama ulifanya kila kitu. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, baada ya kupinga mambo haya pamoja na kodi, umati ulikusanyika Nairobi na watu wakapigwa risasi.

Umeona jambo hapo? Tabaka la kwanza la swali ni kisanduku kina alama au hakina. Tabaka la pili ndilo zito: kalamu imeshikwa na nani? Kwenye kadi ya Wilhelmstal, kwenye kipande cha mkonge, kwenye kikopo cha Kenya, anayefanya kazi ni mmoja na anayetia alama ni mwingine. Na wakigombana, karatasi inamsikiliza aliyeshika kalamu.

Kuna mara nchi yetu ilijaribu kuigeuza kalamu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea ubunge wawili walioshindana jimboni walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili mpiga kura asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Hapo aliyekuwa akihukumiwa na kisanduku ni mgombea, na aliyetia alama alikuwa mkulima. Mpaka leo karatasi ya kura inatuomba tuweke alama ya vema kwenye kisanduku. Mraba mdogo uleule. Kilichobadilika ni mkono.

Sasa turudi kwenye kompyuta, maana wengine mtasema nimegeuza somo la teknolojia kuwa hotuba. Lahajedwali la kompyuta lina umri mdogo. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani walitoa VisiCalc, kwa kompyuta ya Apple II. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara Harvard. Alikuwa amechoka kuona jedwali ubaoni ambapo ukibadilisha namba moja lazima ufute na kuandika upya nyingine zote. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, Excel ikaja mwaka 1985 kwanza kwenye Macintosh. Uumbizaji kwa masharti uliingia kwenye Excel ya mwaka 1997, na wakati huo uliruhusiwa masharti matatu tu kwa seli. Visanduku vya tiki ndani ya seli ni vya juzi kabisa: Google waliviweka kwenye lahajedwali lao mwaka 2018, Excel wakafuata mwaka 2024. Kabla ya hapo ulikuwa unachora kisanduku juu ya seli, na ukipanga majina upya visanduku vinabaki vimezubaa palepale.

Na vyombo hivi vinaweza kuangusha hata wakubwa. Mwaka 2020 Uingereza, katikati ya Korona, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati kwa sababu majina yao yalipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatika kimya kimya. Jedwali halikulia. Jedwali huwa halilii, ndiyo hatari yake. Linakuonyesha lililonalo kana kwamba ndiyo yote yaliyopo.

Nami yangu ilikuwa imekata nini?

Jumapili mchana nikaenda kwa Bibi. Nilibeba sukari kilo mbili, mama ndiye aliyenilazimisha. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Nikasema, "Shikamoo Bibi." Akaitika, "Marahaba mjukuu wangu," bila kuinua kichwa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi na kuuliza. Akanyamaza. Nikauliza zile Jumamosi tatu ambazo hana tiki, zilikuwaje?

Akahesabu kwa vidole, mikono ina udongo. Mbili alikuwa kwenye msiba wa kaka yake kule Mlalo. Aliomba ruhusa, akapewa, mwenyekiti alikuwepo na wanachama walimchangia kutoka mfuko wa jamii. Ya tatu alikuwa na homa, akamtuma mjukuu wake na fedha, na kitabu chake kilipigwa mihuri siku hiyo. "Mihuri mitatu," akasema. "Niliiona Jumamosi iliyofuata. Waulize wenye funguo."

Hapa niwaeleze kuhusu hiyo mihuri, maana ni kitu cha maana kuliko kompyuta yangu. Vikundi vya aina hii vilianzia Niger, mjini Maradi na vijiji vyake, mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakisaidiwa na shirika la CARE. Vilipoenea Afrika, utaratibu ukaongezewa kitabu kidogo cha kila mwanachama. Kila kikao kina nafasi tano. Ukinunua hisa moja unapigwa muhuri mmoja, ukinunua tatu unapigwa mitatu, na nafasi zilizobaki zinakatwa kwa mstari ili mtu asije akaongeza baadaye. Yote yanafanyika mbele ya watu. Anayejua kuhesabu vidole anajua akiba yake. Mwisho wa kikao vitabu vinarudi sandukuni, na kufuli tatu zinafungwa.

Jumamosi iliyofuata niliomba sanduku lifunguliwe na kitabu cha Bibi kisomwe hadharani. Mihuri mitatu ilikuwepo. Siku hiyo mama hakuhudhuria kikao, aliyeshika nafasi yake aliandika kwenye karatasi ya pembeni, na ile karatasi haikuwahi kuingia kwenye daftari. Mimi nilinakili daftari. Sikufungua kitabu hata kimoja.

Kwa hiyo Bibi alikuwa na wiki 10 zilizolipwa, si 9. Kwa sharti langu mwenyewe mstari wake ulipaswa kuwa kijani. Na zile mbili zilizobaki hazikuwa za kutolipa. Zilikuwa za ruhusa.

Hili la ruhusa ndilo lililonikaa kooni zaidi. Kosa la kunakili linarekebishwa kwa kunakili vizuri. Lakini hata ningenakili vizuri kama malaika, kisanduku changu kisingekuwa na mahali pa kuweka msiba. Kinajua kweli na si kweli. Aliyekataa kulipa, aliyeomba ruhusa, aliyelipa na karatasi ikapotea, na Jumamosi ambayo hakuna aliyeijaza kabisa, wote kwangu walikuwa kitu kimoja: kisanduku kitupu. Halafu nikakipaka rangi. Kadi ya Wilhelmstal nayo ilikuwa hivyo. Haikuwa na pa kuandika kwamba mtu huyu siku zile alikuwa anapanda mahindi ya watoto wake.

Nimebadilisha jedwali, na nitaeleza kwa faida ya makatibu wenzake mama. Visanduku nimeviondoa. Kila seli sasa ina orodha ya kuchagua yenye herufi tatu: L amelipa, R ana ruhusa, H hajalipa. Ikiachwa tupu inakuwa ya njano, na njano maana yake ni kwamba katibu hajaandika, kosa ni la katibu. Rangi ya mwanachama inategemea idadi ya H peke yake. Nimeongeza safu moja ya mwisho: jumla ya mihuri kama ilivyosomwa kwenye kitabu na mwenye kitabu mwenyewe. Kama jumla hiyo na ya kompyuta hazilingani, kinachosadikiwa ni kitabu mpaka kikao kiamue. Na hakuna tena karatasi ya rangi ukutani. Mwenyekiti alisema, "Deni la mtu si kanga, halitandazwi." Sikuwa na la kujibu.

Kikundi kilimwomba Bibi radhi, nami nikasimama nikasema kosa ni langu, kila mtu asikie. Akapokea. Amerudi kikundini. Lakini mkopo haukurudi, kwa sababu fedha zilikuwa zimeshatoka na mvua haikusubiri. Nilijitolea kumlipia yule mfanyabiashara ili makubaliano yavunjike. Bibi akakataa. Akasema neno lake haliwezi kuvunjwa na mjukuu. Viazi vitakapotoka, vitapimwa kwa lumbesa, na kila gunia litakalozidi kilemba ni langu mimi, kwa tiki moja ambayo sikuiweka.

Kabla sijashuka Mombo kupanda basi la kurudi kazini, nilipita kumuaga. Akaniuliza kama ile mashine bado inayo jina lake. Nikamwambia inalo. Akataka kuliona. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha mstari wake, nikamsomea tarehe moja moja. Kwenye zile mbili za Mlalo akaniuliza pameandikwa nini. Nikasema, "Pameandikwa R, Bibi. Ruhusa." Akatazama kwa muda.

"Na sababu je, umeiandika?"

Sikuwa nimeiandika. Nikaiandika palepale, yeye akisimama nyuma ya bega langu.

Haya wadau, wenye vikundi vya kina mama zenu, fungueni hayo majedwali mliyowatengenezea. Halafu ombeni sanduku lifunguliwe, mlinganishe na vitabu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.